Picha Bora Kuliko Nini?

Mzungumzaji wa Kiingereza anaweza kutamka kwamba kitu fulani ndicho bora kisha akanyamaza. Kiswahili hakitupi nafasi hiyo kwa urahisi. Hatuna kiambishi cha kukipandisha kivumishi hadi kileleni. Hatuna budi kusema "bora kuliko vyote" au "bora zaidi ya kile", na papo hapo msikilizaji hupata haki ya kuuliza: kuliko vipi, na kwa kazi gani? Wapo wasemao "bora kabisa", lakini "kabisa" hutilia mkazo tu, halilinganishi chochote.

Swali hilo la kisarufi limenijia mara nyingi siku hizi, kwa kuwa shule zetu za Ruiru, Juja na Thika zimekuwa zikitembelewa na wauzaji wa projekta na runinga pana. Wote hunadi kitu kimoja: picha bora. Bodi za shule huvutiwa, wazazi huombwa kuchangia, na mjadala mzima huishia kwenye idadi ya pikseli. Maoni yangu ni kwamba tunanunua kitu ambacho somo halikukiomba.

Naomba kulieleza jambo hili kwa kisa cha mtambo ambao wanafunzi wengi hawajapata kuuona, yaani mtambo wa kuchezea santuri za leza. Santuri hizo zilianza kuuzwa Marekani mnamo Desemba 1978. Zilikuwa na upana wa sentimita 30, sawa na santuri kubwa za muziki, na zilionyesha takriban mistari 425 ya picha pale ambapo kanda ya kawaida ya video iliambulia 240 hivi. Huku kwetu kanda ndiyo iliyotawala, majumbani na katika vibanda vya video. Santuri ya leza ilibakia kitu cha wenye uwezo katika nchi za mbali, hasa Japani na Marekani.

Wapenzi wa santuri hizo waliumiza vichwa mno kuhusu mtambo upi utoao picha safi kuliko yote. Wengi wao waliutukuza ule wa Pioneer uitwao HLD-X9, uliouzwa Japani katika miaka ya 1990. Mtambo wenyewe ulitengenezwa kwa umeme wa volti 100 na kwa mfumo wa picha wa NTSC wenye mistari 525. Kenya ilikuwa na umeme wa volti 240 na mfumo wa PAL wenye mistari 625. Mtu angeuleta Ruiru na kuuchomeka ukutani, angepata moshi. Kampuni hiyohiyo ilikuwa na mtambo mwingine, CLD-D925, usiosifiwa kwa kiasi hicho, lakini uliokubali santuri za PAL na za NTSC pia. Kwa mwalimu wa hapa, huo wa pili ndio uliokuwa bora.

Hata kwa Mjapani mwenyewe mambo hayakuwa mepesi. Katika santuri ya leza, mwanga wa picha na rangi zake vilihifadhiwa vikiwa vimechanganywa katika ishara moja, na ilibidi vitenganishwe kabla ya picha kuonekana kwenye kioo. Kazi hiyo iliweza kufanywa na kichujio kilichomo ndani ya mtambo au na kile kilichomo ndani ya runinga. Iwapo kichujio cha runinga kilikuwa hodari zaidi, basi mwenye mtambo wa bei kubwa aliyetumia tundu la kutolea ishara zilizokwisha kutenganishwa aliiharibu picha yake mwenyewe. Ubora, kwa hiyo, haukukaa ndani ya mtambo. Ulikaa katika uhusiano baina ya mtambo, runinga na waya. Sisi wanaisimu hatushangai: neno nalo hupata maana yake kamili likiwa miongoni mwa maneno mengine.

Wakazi wa Ruiru wana mfano wao wa nyumbani. Kahawa iitwayo Ruiru 11, iliyotolewa na watafiti wa papa hapa mwaka 1985, ilizalishwa ili ihimili ugonjwa wa chulebuni unaooza matunda ya mbuni. Waonjaji wengi walishikilia kwamba kikombe chake hakifikii kile cha SL28. Mkulima aliyekuwa akitumia fedha zake zote kununua dawa ya kunyunyizia alikuwa na kipimo kingine cha ubora, na sidhani kwamba alikosea.

Turejee kwenye santuri. Lililonivutia mimi katika historia yake si picha hata kidogo. Santuri ile ilikuwa na nafasi ya sauti zaidi ya moja, na mwaka 1984 kampuni ya Criterion ilipotoa filamu ya kale ya King Kong, iliitumia nafasi ya ziada kuweka sauti ya mtaalamu wa filamu, Ronald Haver, akieleza yanayotendeka mandhari baada ya mandhari. Huo ndio ulikuwa mwanzo wa maelezo ya aina hiyo katika filamu zinazouzwa kwa watu kutazama nyumbani. Santuri imekufa na Pioneer iliacha kutengeneza mitambo yake mwaka 2009, lakini desturi ya maelezo ingali hai.

Sasa mlinganishe Haver na DJ Afro wetu. Huyu naye ameweka sauti juu ya filamu za watu wengine, kwa Kiswahili kilichotiwa sheng na mizaha, na nakala zake zimetazamwa katika vibanda ambavyo picha yake ingemliza fundi. Dar es Salaam kulikuwa na Lufufu aliyefasiri filamu kwa namna iyo hiyo. (Haki za wenye filamu ni suala zito ambalo silizungumzii hapa.) Watazamaji walilipa ili wasikie. Waliivumilia picha yenye chenga kwa sababu lugha ilikuwa safi kwao, na vijana wengi wamepata humo semi ambazo hawakuzipata darasani.

Mtaala wetu wa Kiswahili unataja kusikiliza na kuzungumza kabla ya kusoma na kuandika. Hata hivyo, katika vikao viwili vya wazazi nilivyohudhuria mjini humu, spika hazikutajwa hata mara moja. Hakuna aliyeuliza kama filamu zitakuwa na maandishi ya Kiswahili chini ya picha kwa ajili ya mwanafunzi asiyesikia vizuri. Wala hapakuwa na swali kuhusu muda ambao mtambo utadumu, ingawa walimu wanapaswa kukikumbuka kisa cha BBC: mwaka 1986 shirika hilo lilitoa santuri za leza zenye picha na maandishi ya watu zaidi ya milioni moja, wengi wao wanafunzi, kuadhimisha miaka 900 ya kitabu cha Domesday. Kufikia 2002 mitambo ya kuzisoma ilikuwa imeadimika hata wataalamu wakalazimika kuziokoa. Kitabu chenyewe cha mwaka 1086 kingali kinasomeka.

Muuzaji atakapokuja tena, asipewe ukumbi wenye mapazia. Apelekwe kwenye darasa la kawaida lenye paa la mabati, mwezi wa Aprili, saa nane mchana mvua inaponyesha, na mwanafunzi wa dawati la nyuma kabisa atakiwe kuandika sentensi tatu alizozisikia.