YouTube Haiwezi Kukusikia

Wasee, leo naongea kitu kinachoweza kuniharibia biashara.

Mimi ni msee wa kontenti. Niliacha chuo mwaka wa pili, na kila wiki kuna mtu ananitumia ujumbe: "Buda, umetufungua macho. Chuo ni utapeli, kila kitu kiko YouTube." Wengine hata wananishukuru.

Msinishukuru. Sio kila kitu kiko YouTube. Na sikuacha chuo kwa sababu chuo hakina maana. Niliacha kwa sababu kile kitu kimoja chenye maana nilichoenda kukitafuta, walinitoza pesa zake na hawakunipa.

Kitu chenyewe ni masomo ya honi ya Kifaransa. Tulia, sio honi ya matatu. Ni ile ala ya shaba iliyojikunja kama konokono, unaiona nyuma ya okestra. Hata jina lenyewe lina kasoro: tangu 1971 chama cha kimataifa cha wapigaji wake kimependekeza iitwe honi tu, maana honi ya kisasa ilitengenezwa zaidi Ujerumani kuliko Ufaransa.

Ukiikunjua, bomba la honi ya kawaida ya F linafika karibu mita 3.7. Mkono wa kushoto uko kwenye vali, wa kulia umeingia ndani ya ule mdomo mpana. Lakini kazi kubwa sio ya vidole. Bila kubonyeza vali yoyote unaweza kutoa noti zaidi ya kumi, kwa midomo na pumzi peke yake. Na ukipanda juu, noti zimebanana kama maploti ya Pipeline. Ukikosea kidogo tu, umeingia kwa jirani. Kwa hivyo lazima uisikie noti kichwani kabla hujaipuliza.

Sasa jaribu kujifunza hiyo kwa simu. Mimi nilijaribu miezi minne, na honi ya chuo, kwenye stoo ya viti. Noti za juu zilikuwa zinakataa kabisa, na baada ya dakika ishirini midomo ilikuwa imekufa ganzi. Nikaangalia vidio zote. Kila mmoja anasema pumua vizuri, legeza shingo. Nikapumua, nikalegeza. Wapi.

Halafu nikapata somo langu la kwanza la ana kwa ana. Mwalimu ni mzee aliyestaafu kutoka bendi ya jeshi. Hakuniuliza mambo mengi. Alinigeukia mgongo, akaangalia nje ya dirisha, akasema, "Piga."

Nikapiga.

"Unakandamiza."

"Mwalimu, na hata hujaniangalia."

"Nimekusikia, kijana."

Akaniambia nitoe kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto kwenye kile kikulabu cha kushikia. Kumbe hicho kidole ndicho kilikuwa kinavuta honi kwa nguvu, inabana midomo, damu haipiti. Nikakitoa. Ile noti iliyonisumbua miezi minne ikatoka. Manze, nilicheka peke yangu kama mwehu.

Dakika mbili. Wale watu wa vidio hawakuwa wajinga. Wengine wanapiga honi kuliko mtu yeyote nitakayewahi kukutana naye. Lakini walikuwa wanaongea na watu laki tano, na hakuna hata mmoja aliyekuwa na njia ya kujua kidole changu kiko wapi. Vidio inaweza kukuonyesha na kukuelezea mpaka asubuhi. Kukusikia, haiwezi.

Na hapo ndipo nina hasira na chuo, sio na honi.

Nilijiunga 2024. Serikali ikanipanga bendi ya tano, ile ya familia zinazosemekana zinajiweza. Mathe anauza mitumba. Hiyo ndiyo bendi pekee niliyowahi kuwekwa bila kufanyiwa majaribio. Kwenye orodha ya karo kulikuwa na mstari wake kabisa: masomo binafsi ya ala, saa kumi na mbili kwa semesta. Mathe alilipa huo mstari. Semesta ya kwanza nilipata saa nne. Ya pili nikapata mbili, halafu mwalimu akaacha kuja. Alikuwa kibarua wa kulipwa kwa saa, na hizo saa hawakuwa wamemlipa. Nauli alikuwa anatoa mfukoni mwake.

Sasa sikia kituko. Matokeo yakatoka nikapewa B ya honi. Nani alinisikia akanipa hiyo B? Mwanafunzi wa ala nyingine ambaye hakuwa ameona mwalimu kabisa alipewa B pia. Tulipoenda ofisini kuuliza, tukaambiwa, "Si mmepita? Shida iko wapi?"

Shida ni kwamba nilikuja kujifunza.

Najua watetezi watasema nini. Watasema mwalimu mmoja kwa mwanafunzi mmoja ni gharama kubwa, wakati ukumbi mmoja wa mhadhara unabeba mia tatu. Ni kweli, ni gharama. Basi msiuze. Huwezi kuandika saa kumi na mbili kwenye karo, upokee doo ya mama wa mitumba, halafu useme saa ni ghali. Kinyozi akikunyoa upande mmoja anaanza kukuhubiria kuhusu bei ya umeme?

Wengine watasema hayo ni mambo ya wazungu. Hao waende Lamu waulize kuhusu siwa. Siwa ya Pate ni ya pembe ya ndovu, inapita mita mbili, na Lamu wana yao ya shaba. Pwani yetu ilikuwa inapuliza pembe kwenye sherehe za wakubwa karne nyingi kabla wewe hujazaliwa uanze kutuambia kupuliza ni Uzungu. Na vijana wa Korogocho wanapiga ala za okestra kupitia Ghetto Classics tangu 2008. Wamekaa na walimu wanaowasikiliza. Hakuna aliyewaambia wangoje vidio.

Na yule wa "honi italeta ugali?" Sitakudanganya. Kazi za honi Kenya ni chache sana. Lakini swali hilo halihusu deni langu. Kama hamuamini hiyo kozi, ifungeni. Kuiacha wazi ili ikusanye karo, huo ndio utapeli.

Kwa hivyo komredi unayesoma ala, hesabu saa zako. Sio mihadhara; zile saa za wewe na mwalimu peke yenu, zile mlizolipia. Andika tarehe kila mnapokutana, mwalimu aweke sahihi. Mwisho wa semesta peleka hicho kitabu ofisini, mkiwa kumi, sio mmoja. Dai saa zilizobaki au pesa zake. Na ukipewa alama ya saa ambazo hukufundishwa, usiiposti kwa furaha. Hiyo alama imekusudiwa kukunyamazisha.

Chuo nacho, lipeni hao wazee. Mzee wa jeshi mwenye sikio kama lile hapatikani kwa tangazo la gazeti. Akichoka na nauli, anaenda na kila kitu anachojua.

Mimi siku hizi napiga vidio wiki nzima ili Jumamosi nimlipe mwalimu yule yule saa moja, mkononi, pesa taslimu. Honi naazima kanisani, maana kununua inapita laki mbili bila shida. Digrii sina, na nikiulizwa nyumbani bado ni kubaya. Lakini kila Jumamosi kuna mtu ananisikia dakika sitini nzima. Hiyo ndiyo ilikuwa chuo.

Kwa hivyo mkinitaja kama mfano, semeni yote. Sikukimbia mwalimu. Nilimfuata.