Chombo cha Kwanza cha Mwalimu ni Sikio

Neno "kusomesha", ambalo sisi watu wa pwani twalipenda kuliko "kufundisha", lina hekima ndani yake ambayo aghalabu twaipita bila kuitazama. Kusomesha si kusoma mbele ya mtoto. Ni kumfanya mtoto asome. Mwalimu aliyesema kutwa kucha na mwanafunzi asinene hata neno moja, huyo amesoma, walakini hajasomesha. Tumelitanguliza jambo hili kwa kuwa katika mazungumzo yote ya siku hizi juu ya masomo ya mbali, na katika mitambo chungu nzima wanayotangaziwa walimu wetu kila kukicha, ndilo linalosahauliwa. Na hasara ya kusahauliwa kwake humwangukia mtoto wa mnyonge.

Wasomaji wangali wanakumbuka. Shule zetu zilifungwa tangu tarehe 16 Machi 2020, siku chache tu baada ya ugonjwa wa Korona kubainika nchini. Wanafunzi wa gredi ya nne, wa darasa la nane na wa kidato cha nne ndio waliotangulia kurudi, tarehe 12 Oktoba. Waliosalia walingoja hadi tarehe 4 Januari 2021. Hiyo ni miezi tisa na zaidi, na katika umri wa mtoto wa miaka saba miezi tisa si kitu kidogo. Mtoto aliyekuwa ameanza kuunganisha silabi aliweza kuzisahau zote.

Mgala muue na haki yake umpe. Serikali haikukaa kitako. Taasisi ya Ukuzaji Mitaala ilirusha masomo katika idhaa za KBC na katika televisheni, na mengine ikayaweka katika mtandao. Palikuwa na masomo yaliyopelekwa kwa meseji, ambayo hata simu ya mulika mwizi iliweza kuyapokea. Shule zenye uwezo zilikusanya wanafunzi wao katika Zoom, kila mtoto na kompyuta yake, kila mtoto na chumba chake. Mwezi wa Julai 2020 hata angani palikuwa na mabaluni ya kampuni ya Loon, yaliyoletwa kueneza intaneti katika sehemu zisizokuwa na minara. Mwaka uliofuata kampuni hiyo ilifunga kazi. Mabaluni yalipita, redio ikabaki.

Sasa natutazame hesabu. Katika hesabu ya watu ya mwaka 2019, kwa kila nyumba 100 za Kenya, nyumba kama 57 zilikuwa na redio na 41 zilikuwa na televisheni. Zilizokuwa na intaneti hazikutimia 18, na zenye kompyuta au kishikwambi hazikufika hata 9. Basi mwalimu aliyetayarisha somo lake kwa picha za video, akalipeleka katika mtandao na kulala usingizi akidhani amesomesha darasa zima, huenda alisomesha watoto wachache wa mbele ambao hata bila yeye wangelisoma. Dau la mnyonge haliendi joshi. Nasi tulikuwa tumelingoja lifike pamoja na meli.

Je, jawabu ni redio? Redio ni nusu ya jawabu. Sifa yake ni kwamba yafika: yaingia jikoni, yaingia mashuani, haidai bando. Aibu yake ni kwamba husema bila kusikia. Mtangazaji auliza, "Nne mara sita ni ngapi?" kisha anyamaza kidogo, kisha ajijibu mwenyewe. Mtoto wa Garsen aliyejibu ishirini na mbili hana wa kumwambia kwamba amekosa. Sauti imekwenda, haikurudi.

Hapa ndipo vyuo vyetu vya Kurani vina la kutufunza, na hatusemi haya kwa kujivunia vya kale. Vyombo vya chuoni vilikuwa ubao, wino na kalamu ya mwanzi, vitu visivyozidi thamani ya kilo ya sukari. Lakini hapakuwa na mtoto aliyeondoka mbele ya mwalimu bila kusikilizwa. Alisoma aya zake kwa sauti, mwalimu akimsikiliza huku mkono unafanya kazi nyingine, na kosa lilipotoka sikio lilishtuka hapo hapo. Aliyekosa alirudishwa, aliyepatia akasogezwa mbele, na aliyekwisha kusogea alipewa mdogo wake amsikilize. Ndiyo maana watoto hamsini waliweza kuwa na mwalimu mmoja, kila mmoja akiwa katika sura yake. Neno "kuhitimu" latokana na kukhitimisha, na hapakuwa na mtoto aliyekhitimisha msahafu kwa kuketi kimya.

Mtu asije akasema hizi ni ndoto za mshairi. Nchini Botswana, mwaka 2020, wataalamu walilijaribu jambo hili kwa nyumba zaidi ya 4,000. Nyumba nyingine zilipelekewa maswali ya hesabu kwa meseji tu kila wiki. Nyingine zilipelekewa meseji zile zile, kisha mwalimu akapiga simu kwa dakika kama ishirini hivi, mzazi na mtoto wakiwa pamoja, akauliza swali na kusikiliza jawabu. Waliopata meseji peke yake hawakusogea mbele kwa kiasi cha kutajika. Waliopigiwa simu walisogea. Baadaye jaribio la namna hiyo lilifanywa katika nchi nyingine tano, Kenya na Uganda zikiwamo, na mavuno yakawa mema. Kwa insafu tuseme pia kwamba huko Sierra Leone simu za walimu hazikuinua alama za watoto. Simu si hirizi. Ikiwa mwalimu ataipiga kisha ahutubu, itakuwa ni redio nyingine iliyo ghali zaidi.

Kwa hivyo, enyi walimu wetu, siku shule itakapofungwa tena, yafuatayo yafaa yawe tayari mkononi.

Kwanza, kabla ya kuchagua chombo, andikeni daftari la nyumba: nani ana redio, nani ana simu, simu ni ya nani, na hurudi nyumbani saa ngapi. Simu ya baba mvuvi haifai kupigiwa alfajiri. Daftari hilo liandikwe muhula ukiwa shwari. Siku ya msiba hakuna wa kuliandika.

Pili, chombo cha chini kitangulie. Kipindi cha redio kikiwapo, mwalimu naye akisikilize, kisha atoe maswali matatu juu ya kile kile, kwa meseji. Heri kenda shika kuliko kumi nenda uje.

Tatu, wenye WhatsApp wasitumiwe video. Ujumbe wa sauti wa dakika mbili hula bando dogo mno, na mtoto aweza kuurudia mara kumi. Naye ajibu kwa sauti yake, au mzazi apige picha ukurasa wa daftari na kuituma. Kazi isiyorudi ihesabiwe kuwa haikusomwa.

Nne, kila mtoto apigiwe simu japo mara moja kwa wiki, kwa simu ya mzazi na mzazi akiwa hapo anasikia. Hiyo ni adabu, tena ni ulinzi wa mtoto. Mwalimu aulize zaidi ya anavyoeleza, na amchukue mtoto kutoka pale alipofika, si pale kitabu kilipofika.

Tano, kwa nyumba isiyo na chochote, karatasi iachwe dukani, msikitini au kanisani, nayo irudi hapo hapo ikiwa na majibu. Na mtoto mkubwa wa jirani apewe mdogo amsikilize, kama ilivyokuwa chuoni.

Hapo patazuka swali la haki: ni nani atakayelipia simu hizo? Katika miezi ile ya 2020 wako walimu waliojaza simu zao kwa fedha za unga. Haifai wema wa mtu ugeuzwe kuwa kanuni ya kazi. Tangu mwaka 2016 Serikali ilinunua vishikwambi kwa ajili ya shule za msingi, kwa fedha nyingi. Haiwezi kushindwa kumpa mwalimu muda wa maongezi wa kuwasikiliza wanafunzi arubaini. Wizara na Tume ya walimu na walitenge fungu hilo sasa, na vyuo vya ualimu vimfunze mwalimu mchanga namna ya kusomesha kwa simu, kama vinavyomfunza kuandika ubaoni.

Wala asitokee wa kusema kwamba Korona imekwenda zake na mambo yamekwisha. Mwaka 2024 mafuriko yalizuia muhula wa pili kufunguliwa. Badala ya tarehe 29 Aprili, watoto walirudi tarehe 13 Mei, na wa Mto Tana wengi wao shule zao zilikuwa zimezungukwa na maji. Huko Lamu, upande wa Basuba, ziko shule zilizofungwa kwa miaka kwa sababu ya usalama. Mvua itanyesha tena. Tutakapoulizana siku hiyo tumejiandaa vipi, tusihesabu mitambo iliyomo makabatini. Tuhesabu ni watoto wangapi ambao mwalimu wao ameisikia sauti yao wiki hiyo.