Jicho la Kulia Halifutwi

Wiki iliyopita nilipata barua pepe yenye adabu zote. Taasisi moja inayokusanya video za kazi za mikono za pwani ilikuwa imesikia kwamba ninazo saa mbili na ushee za bibi yangu akisuka ukili, ikaniomba nizitume. Nikafurahi, mpaka nilipofika aya ya mwisho. Kwa kuwa faili zangu ni za 3D na zinabeba picha mbili mbili, tafadhali niitoe ya kulia nibakize ya kushoto, tuokoe nafasi. Maudhui, eti, ni yale yale.

Si yale yale. Na kwa kuwa hoja hii nimeisikia kwa wahariri, kwa watengeneza filamu, na hata kwa wahakiki wenzetu wanaoamini kwamba 3D ni kiinimacho cha wauza bisi, leo naomba tubishane hadharani.

Tuanze na chombo chenyewe. Mwaka 2009 Fujifilm walitoa W1, kamera ndogo ya lenzi mbili, na mwaka uliofuata W3. Kufikia 2011 Sony na JVC nao walikuwa na kamera zao za video za mkononi. Ilikuwa miaka ya Avatar, kila mtu akitaka kitu kiruke kutoka kwenye skrini. Yangu ni ya kizazi hicho. Niliinunua Kariakoo mwaka 2013, mtumba, nikiwa ripota mchanga, kwa pesa iliyokuwa ya kodi ya chumba. Jina lake silitaji, maana nitaisema vibaya kidogo. Ina lenzi mbili zilizoachana sentimita 7.5, na skrini ya nyuma inayoonyesha kina bila miwani.

Siku za kwanza zilikuwa aibu tupu. Nilikwenda ufukweni kupiga picha za bahari, mashua na watu wa mbali, vile tulivyozoea kufungua taarifa zetu. Nikarudi na bahari bapa kama bango. Kumbe kitu kikiwa mbali sana, lenzi zote mbili zinaona karibu picha ile ile, na pasipo tofauti hakuna kina. Nikasema basi, nivute kwa zumu. Wavuvi wakatoka kama watu waliokatwa kwenye boksi na kusimamishwa, mmoja nyuma ya mwingine. Nikasogea karibu mno, macho yakavutana mpaka kichwa kikauma. Nikaishika kamera upande kidogo, kichwa tena. Nikaisimamisha wima kama simu, kina chote kikapotea. Na katika kila video ya tatu kulikuwa na kidole changu mbele ya lenzi ya kushoto, kikubwa kama mhogo, lenzi ya kulia ikiwa safi kabisa.

Mjomba wangu, ambaye jicho lake moja lilikuwa na mtoto wa jicho, aliitazama skrini, akaigeuza huku na kule, akanirudishia. "Mpwa wangu, umeuziwa video ya kawaida." Sikuwa na jibu. Kwa mtu anayeona kwa jicho moja, alikuwa sahihi.

Wanaopiga stereo wana kanuni yao ya kienyeji: kitu kilicho karibu kabisa kiwe mbali mara 30 ya nafasi iliyopo kati ya lenzi. Kwa kamera yangu ni kama mita mbili na robo. Hebu pima kwa hatua. Si umbali wa helikopta wala wa mlipuko. Ni umbali wa mtu unayezungumza naye barazani. Ndipo nilipoanza kuwashangaa waliotuuzia chombo hiki kwa matangazo ya mikuki na papa wanaomrukia mtazamaji. Kamera hii inamkomoa anayetafuta vioja. Inataka ukae, usitikisike, umtazame mtu mmoja kwa muda mrefu. Ni kazi ya mwandishi wa riwaya, si ya mpiga baruti.

Basi nikaenda Tanga kwa bibi.

Alikuwa kakaa chini kwenye kibaraza cha nyuma, chane za ukindu zimelowekwa pembeni. Nikaanza kwa kumpiga yeye, na nyuma yake uwanja mzima mpaka kwenye minazi ya jirani. Ikawa vurugu, kwa sababu yeye alikuwa karibu na minazi mbali, na macho hayawezi kushika vyote viwili. Siku ya pili nikapanda kwenye kigoda, nikainamisha kamera, nikafanya mkeka uliotandikwa chini yake ndio uwe mandhari. Hapo niliweza kusogea hadi kama mita moja na nusu bila kuumiza macho, maana nyuma ya mikono yake hapakuwa na kitu cha mbali. Ukili ukainuka. Ule mwisho usiokwisha kusukwa, chane zikiwa zimesimama hewani kama vidole vya ziada, ukaonekana wazi: hii inapita mbele ya kidole cha shahada, ile inarudi nyuma ya gumba.

Jioni bibi akaitazama kwenye skrini ya kamera. Nilitegemea ashangae. Hakushangaa. Alitazama kama mtu anayekagua kazi, kisha akasema, "Hapo nimeruka mmoja. Rudisha." Nikarudisha. Akamwita mdogo wangu, ambaye alikuwa amekataa kujifunza tangu utotoni, akamwonyesha kwenye skrini: "Ona huo wa nyuma, ndio unaokushinda kila siku." Yule binti akauona. Aliushika ukili palepale akajaribu, akafika mahali ambapo hakuwahi kufika.

Niliporudi Dar nikaweka kadi kwenye kompyuta. Faili ni AVI yenye mikondo miwili ya picha ndani yake. Programu ya kawaida hukuchezea mkondo mmoja, wa kushoto, na haikuambii kwamba kuna wa pili. Nikatazama mikono ile ile, dakika ile ile. Vidole na chane vilikuwa rundo moja la rangi ya hudhurungi. Kipi kiko mbele, kipi nyuma, hujui. Mhariri wangu akaipenda. Akakata sekunde 40, akatia taarabu chini yake, akaandika "Bibi anayehifadhi utamaduni". Na mie, nikiri, nilikaa kimya nikachukua posho yangu.

Sasa nyie watu wa fasihi. Tulifundishwa wahusika bapa na wahusika duara, mgawanyo wa E. M. Forster wa mwaka 1927, na tunauimba kila uhakiki. Kwa nini basi tunashindwa kuelewa jambo ambalo Charles Wheatstone alilieleza mwaka 1838? Kina hakimo katika picha ya kushoto, wala hakimo katika ya kulia. Kimo katika kutokubaliana kwao. Ukifuta moja hujabakiza nusu ya kina. Umekifuta chote.

Godard aliyachezea haya katika Adieu au langage, filamu iliyopata Tuzo ya Majaji huko Cannes mwaka 2014: kamera moja inamfuata mwanamke anayeondoka, nyingine inabaki na mwanamume, na mtazamaji anaachiwa macho mawili yanayoona vitu viwili. Herzog naye alipoingia pango la Chauvet, Ufaransa, alipiga kwa 3D kwa sababu kuta zile si bapa na wachoraji wa kale walizitumia nundu zake. Hao ndio wauza bisi?

Wala sisemi kwamba kina ni ukweli. Underwood & Underwood wa Marekani waliuza kadi za stereo za safari ya uwindaji ya Theodore Roosevelt huku kwetu Afrika Mashariki, 1909 hadi 1910, na mwenye kutukuzwa mle ni mwindaji na windo lake. Kina walikuwa nacho. Na nakubali pia kwamba wapo watu, kama mjomba, ambao 3D haiwapi chochote, na kwamba miwani ya sinema hutia picha giza. LG na Sony walipoacha kutengeneza runinga za 3D mwaka 2017, sikulia.

Ila bibi alifariki 2016. Mdogo wangu husuka mpaka leo, na akikwama hunipigia simu nimletee kamera, maana skrini ile ndogo ndiyo pekee tuliyo nayo inayomwonyesha chane ya nyuma. Betri yake siku hizi haivuki dakika 20.

Taasisi nimeijibu. Nimewaambia nafasi ya ziada kwenye diski nitailipia mwenyewe, na kwamba wakitaka nitawafundisha kuzicheza zote mbili. Zinakuja mbili au haiji hata moja. Mpaka naandika haya hawajajibu.