BOTI YA BABU NUSURA IGEUKE SUFURIA!

Mwenzenu nipo, ila wiki hii naandika huku viganja vimejaa malengelenge. Na sababu si mchi wala jembe. Ni nyundo. Mwenzenu nimekuwa fundi boti!

Msicheke. Kaeni mkao wa kula niwape mkanda mzima.

Nyumbani kwa Babu, kule Igombe, Mwanza, chini ya mwembe kuna boti. Si mtumbwi, wala si boti ya mbao kama zile zinazoshusha dagaa pale Mwaloni Kirumba. Hii ni ya alumini, futi 14, Babu aliinunua kwenye mnada wa mradi mmoja uliofunga virago. Enzi zake, asikwambie mtu, ilikuwa gumzo. Sangara walipojaa Ziwa Victoria miaka ya 1980, Babu aliitumia kubeba samaki, na fedha zake ndizo zilizomsomesha baba yangu na mdogo wake.

Sisi wajukuu tuliikuta imeshakufa. Mashine hakuna, ubao wa nyuma umeoza, ndani kuku wanatagia. Mimi nikiwa mdogo nilidhani ni hori la ng'ombe.

Sasa mwezi uliopita Shangazi ananipigia simu. "Mwanangu, kuna kijana wa skrepa amekuja na mizani. Anataka kuikata boti ya Babu vipande. Anatoa laki tatu kasoro. Baba yako amesema iuzwe."

Nikauliza, "Na Baba mdogo je?"

Kimya. Hapo ndipo penye utata, msomaji wangu. Baba na Baba mdogo hawakuwa wakiongea. Miaka kumi na mbili! Wakikutana msibani, mmoja anakaa kwenye turubai, mwingine anakwenda kukaa jikoni na akina mama. Chanzo ni hiyo hiyo boti. Baba mdogo aliuza mashine yake, ile ya farasi 25, bila kumwambia mtu, na hela haikuonekana. Baba akamwita mwizi mbele ya wakwe. Basi, ukawa mwisho wa udugu.

Kama hujui, alumini chakavu ndiyo inayoyeyushwa kuwa masufuria. Inayeyuka kwenye nyuzi 660 hivi, moto wa mkaa na feni ya kupuliza unatosha kabisa. Nikajiona nimesimama dukani, nimeshika sufuria la wali, najiuliza kama ndiyo boti ya Babu hii. Roho ikaniuma. Siku ya pili nikapanda basi.

Nimefika, nimemwamkia Babu. Macho yake yana mtoto wa jicho, haoni vizuri, lakini sauti yangu aliijua hapo hapo. "Mke wangu mdogo umekuja! Umekuja kunipikia au kuniuzia boti?" Nikamwambia nimekuja kuitengeneza. Akacheka mpaka akakohoa. Kisha akasema taratibu, "Ningependa nikae ndani yake mara moja, kabla macho hayajafunga duka."

Jamani, ningesema nini tena?

Nikamwendea Baba. Akagoma. Nikamwendea Baba mdogo. Akagoma. Nikatumia ujanja wa mjini: kila mmoja nikamwambia Babu kamwita yeye peke yake, Jumamosi saa mbili asubuhi. Wakakutana chini ya mwembe, uso kwa uso, kila mmoja na kikapu cha vifaa. Hakuna aliyetaka kuondoka wa kwanza, maana ingeonekana kashindwa. Wanaume!

Kazi ikaanza. Na hapa nawapa somo la bure kwa yeyote mwenye boti ya alumini kwao, maana wengi wanadhani alumini haiharibiki. Haishiki kutu kama chuma, ni kweli. Inajitengenezea ngozi nyembamba juu yake inayoilinda. Lakini ina adui: shaba. Shaba ikilala juu ya alumini penye unyevu, alumini ndiyo inayoliwa. Tulipong'oa mbao za sakafu tukakuta kwenye tope senti 5 ya zamani, ile ya shaba yenye picha ya samaki. Pale ilipolalia pamekwisha kabisa, ukigusa kwa bisibisi inapenya. Senti tano imetoboa boti! Ndiyo maana hata rangi za boti zenye shaba ndani yake, na zile mbao za kijani kijani zilizotiwa dawa, usizikaribishe kwenye alumini. Nyingi ya dawa hizo zina shaba.

Pili, namna ya kutafuta panapovuja. Mimi nilidhani unaitosa ziwani halafu unaangalia. Babu akasema, "Hapana, mke wangu. Ijazeni maji ikiwa nchi kavu." Tukaiegemeza juu ya magogo yenye nguvu, tukamimina maji ndoo kwa ndoo mpaka usawa wa kifundo cha mguu. Usijaze mpaka juu, maji ni mazito, yanaweza kuipinda. Kisha unaingia chini na chaki. Kila panapotoka tone unachora duara. Mimi ndiye niliyeingia chini. Nilihesabu ribiti 23 zinazotoa machozi, ukiacha lile tundu la senti tano.

Baba akasema tumwite fundi wa kuchomelea azibe zote. Kwa bahati fundi mwenyewe alikuwa muungwana, akatuambia ukweli: alumini haichomelewi kwa mashine ya geti na madirisha. Inataka gesi ya agoni na mkono uliozoea, la sivyo unatoboa zaidi ya unavyoziba. Ribiti zilizolegea dawa yake ni kuzigonga upya, na zilizokufa unazitoa na kuweka mpya. Lakini ziwe ribiti nzima, siyo zile za kufyatua kwa bunduki, ambazo zina tundu katikati na maji yanapita humo humo. Tulizipata kwa mafundi wa bodi za magari.

Sasa usikilize kwa makini, maana uhondo upo hapa.

Kugonga ribiti kunataka watu wawili. Mmoja anasimama nje, amebana kipande cha chuma kizito kwenye kichwa cha ribiti. Mwingine yuko ndani na nyundo. Wa nje asipobana, wa ndani anagonga bure, ribiti inazunguka tu. Na tulikuwa tumeilaza boti ubavu, kwa hiyo wa ndani na wa nje hawaonani. Lazima wasemezane: "Tayari?" "Tayari." "Piga."

Unawaona hao ndugu wawili? Siku nzima ya kwanza simu ilikuwa mimi.

"Mwambie baba yako mdogo apige."

"Baba mdogo, umeambiwa upige."

"Mwambie baba yako sawa, ila abane vizuri."

"Baba, umeambiwa ubane vizuri."

Yaani nilichoka kwa mdomo kuliko mikono! Ribiti sita tu kwa siku. Babu ameketi kwenye kiti chake cha kamba, haoni, lakini anasikiliza. Ribiti ikikaza sawasawa mlio wake unabadilika. "Hiyo bado," anasema. "Inalia kama debe. Rudieni." Wanarudia. "Hiyo imeshika." Na kweli, ukiitazama, imeshika.

Siku ya pili mimi nikaingia kwenye pua ya boti, kule mbele kunakobana, maana mkono wangu ndiyo pekee uliopita. Huko ndiko nilikopata haya malengelenge. Nikawa siwezi tena kufikisha salamu. Nikasikia kimya. Kimya kirefu. Kisha sauti ya Baba, kavu kama muhogo wa juzi: "Tayari?"

Kimya kingine.

"Tayari," akajibu Baba mdogo.

"Piga."

Nilijibana huko ndani nisicheke. Mchana huo ziligongwa ribiti kumi.

Lakini jipu lilikuwa halijapasuka. Lilipasuka jioni, tukinywa chai, tulipoanza kuzungumzia mashine. Nikasema mashine mpya hatuiwezi, tuchangishane tununue iliyotumika. Baba akatupa neno: "Mashine ilikuwepo. Watu waliuza wakala raha zao."

Baba mdogo akaweka kikombe chini. Akasimama. Nikajua leo boti inarudi kwa kijana wa skrepa.

Babu akasema, "Kaa chini. Mashine niliuza mimi."

Hakuna aliyepumua, jamani.

"Mama yenu alitakiwa apasuliwe. Hospitali walitaka fedha kwanza. Nilimtuma huyu aipeleke sokoni na nikamkataza asiseme." Akamgeukia Baba, ingawa macho yake yalitazama pembeni kidogo. "Wewe mwaka ule ulikuwa umepunguzwa kazi. Ningekwambia, ungeuza kiwanja chako, na watoto wako wangelala wapi? Nilidhani mtagombana wiki moja. Baadaye ikawa ngumu kusema."

Baba akamtazama mdogo wake. "Miaka yote hiyo, mbona hukusema?"

"Nilikatazwa," akasema Baba mdogo. "Na wewe hukuuliza. Ulitukana tu."

Bibi, ambaye alikuwa anakoroga chai, akaweka mwiko chini. Hata yeye alikuwa hajui. Akatutazama mmoja mmoja, kisha akasema, "Kumbe mimi nina thamani ya farasi 25!"

Hapo ndipo tulipocheka. Baba hakucheka. Aliinuka akaenda nyuma ya nyumba, na aliporudi uso ulikuwa umeoshwa. Hakusema samahani, si unajua tena wazee wetu. Alichukua kile kipande cha chuma, akaenda upande wake wa boti, giza linaingia, akaita, "Mdogo wangu, uko tayari?"

Ribiti tatu za mwisho ziligongwa kwa taa ya simu.

Yaliyobaki yakaenda haraka. Tundu la senti tano tuliliwekea kiraka cha alumini na ribiti mpya, katikati tumepaka gundi isiyopitisha maji. Ubao wa nyuma, ule unaobeba mashine, tulikata mpya wa mninga na kuuziba kwa rangi pande zote, hasa matundu ya bolti, maana maji huingilia huko na kuozesha ubao kimyakimya. Bolti tuliweka za chuma kisichoshika kutu. Tulipiga msasa mwili mzima, tukatanguliza rangi ya chini maalum kwa alumini. Ukipaka rangi ya kawaida moja kwa moja, inabanduka kama ganda la kitunguu.

Mashine tumepata ya farasi 15, imetumika. Baba ametoa nusu, Baba mdogo nusu, sisi wajukuu tukachangia vipuri. Fundi alisafisha kabureta, akabadilisha plagi na ile feni ndogo ya mpira inayovuta maji ya kupoza. Hii yetu inakunywa petroli iliyochanganywa na oili, lita 20 za petroli kwa mililita 400 za oili, kama kitabu chake kinavyosema. Yako soma kitabu chake, usiige. Na mkiiwasha, chungulieni nyuma: lazima ikojoe kamchirizi ka maji. Mashine isiyokojoa ni mgonjwa, zima haraka kabla haijaungua.

Bibi alikuwa na sharti moja: hakuna kupanda bila jaketi okozi. Watu wa Mwanza hawajasahau Mei 21, 1996, MV Bukoba ilipozama na kuondoka na mamia ya watu, wala Septemba 20, 2018, MV Nyerere ilipopinduka jirani na Ukara. Tukanunua majaketi, na chombo kikakaguliwa na watu wa TASAC, kama sheria inavyotaka.

Jumapili tukaishusha majini. Baba ameshika upande mmoja wa Babu, Baba mdogo upande mwingine, wamembeba kama bwana harusi. Akakaa kwenye kiti cha katikati. Akapapasa sakafu kwa kiganja, huku na huku, kama anatafuta kitu.

"Babu, umepoteza nini?"

"Natafuta maji," akasema. "Hakuna."

Mashine ikawaka mvuto wa nne. Ikakojoa. Tukaenda pole pole kandokando ya ufuko, hatukwenda mbali, boti ya futi 14 haichezi na mawimbi ya katikati ya ziwa. Babu hakusema neno. Alifumba macho, upepo unampiga usoni, mkono mmoja nje unagusa maji. Tuliporudi akaniambia, "Mke wangu mdogo, sasa hata duka likifungwa, nimeshanunua."

Wapenzi wasomaji, kule kwenu kuna kitu kimelala chini ya mwembe. Pengine ni boti, pengine baiskeli, pengine cherehani. Kabla hujamwita wa skrepa, uliza kwanza kwa nini kiliachwa kulala. Sisi swali hilo lilitukalia kooni miaka kumi na mbili, na jibu lilikuwa la dakika moja.

Ile senti tano ninayo, nimeitia kwenye pochi. Baba mdogo anasema niitupe. Baba anasema niitunze. Wanabishania hilo kila siku, kwa simu, nusu saa nzima!

Tukutane wiki ijayo, Mungu akipenda. Malengelenge yatakuwa yamepona.