Redio Huru Haikuichoma Nchi

Rafiki yangu alipofariki, waliokuja kuhani walimsifu kwa ucheshi na ukarimu wake. Kisha baadhi yao wakaongeza: "Ila kazi yake! Redio hizi za watu binafsi ndizo zilizotuharibia nchi." Marehemu alikuwa mtoto wa Buyenzi, mwandishi wa habari wa redio huru mjini Bujumbura. Namwenzi kwa kuijibu kauli hiyo.

Waliosema hivyo si watu wabaya, na hofu yao ina msingi. Nchini Rwanda, mwaka 1994, redio ya RTLM ilihimiza mauaji ya kimbari waziwazi. Nchini Burundi nako, tarehe 13 Mei 2015, Jenerali Godefroid Niyombare alitangaza kupitia redio binafsi kwamba amempindua Rais Pierre Nkurunziza. Aliyeyaona hayo ana haki ya kukiogopa kipaza sauti. Hata hivyo, hofu hiyo imemkamata asiyehusika, kwa sababu nne.

Kwanza, RTLM ilikuwa ya watu binafsi, lakini haikuwa huru. Rais Juvénal Habyarimana mwenyewe alikuwa miongoni mwa wenye hisa. Mwasisi wake mmoja, Ferdinand Nahimana, alikuwa amewahi kuongoza idara ya habari ya serikali. Tena, Machi 1992, kabla RTLM haijazaliwa, ni redio ya taifa iliyorusha tangazo la uongo lililochochea mauaji ya Bugesera. Sumu hiyo ilitoka jikoni kwa watawala.

Pili, Burundi ilijifunza kutokana na msiba huo wa Rwanda. Studio Ijambo, iliyoanzishwa mwaka 1995, iliwatuma Mhutu na Mtutsi kufuatilia habari moja pamoja, ili kila mmoja amkague mwenzake. Radio Publique Africaine ya mwaka 2001 iliwaajiri hata waliokuwa wapiganaji wa pande zote mbili. Wakati wa uchaguzi wa 2005, vituo mbalimbali viliunganisha waandishi wao na kutoa matangazo ya pamoja, jambo lililopunguza nafasi ya uvumi.

Tatu, ni kweli kwamba redio zilimrusha hewani jenerali. Lakini jenerali anayedai kumpindua rais ni habari, apendwe asipendwe. Redio haikumpa askari hata mmoja. Katika siku mbili za jaribio hilo la mapinduzi, vituo vinne vilivyoikosoa serikali vilishambuliwa, na Rema FM iliyoiunga mkono nayo ikaharibiwa. Wenye hasira wa kila upande walizigeukia redio za upande mwingine.

Nne, na hii ndiyo hoja nzito kuliko zote: kama redio ndizo zilizokuwa chanzo cha moto, kuzimwa kwake kungeleta utulivu. Zilizimwa, lakini risasi ziliendelea, na Warundi zaidi ya 400,000 wakaishia ukimbizini, wengi wao katika kambi za Kigoma.

Nakiri kwamba redio hizo hazikuwa za malaika. Mwanzilishi wa Radio Publique Africaine, Alexis Sinduhije, aliingia katika siasa na kuunda chama, na baada ya hapo ilikuwa vigumu kwa msikilizaji kujua habari inaishia wapi na kampeni inaanzia wapi. Lakini dawa ya kasoro hiyo ni haki ya kujibu, uhariri makini na mahakama zinazotenda haki. Kuchoma studio hakumsahihishi mtu.

Rafiki yangu aliijua tofauti kati ya habari na kampeni. Hakurusha tuhuma kabla ya kumtafuta anayetuhumiwa, hata kama vituo vingine vingemtangulia. Alizungumzia wagonjwa waliozuiliwa hospitalini kwa kukosa pesa za kulipa, kisha akampa mkuu wa hospitali nafasi ya kujieleza. Huo si uchochezi.

Basi, msomaji, utakaposikia redio fulani ikishutumiwa, uliza mambo matatu: ni ya nani, nani aliihakiki habari, na mlaumiwa alipewa nafasi ya kujibu? Ukimpata mchochezi, mtaje na ashitakiwe. Usiwabebeshe mzigo wake waandishi waliofanya kazi yao kwa uaminifu.