Kipimo Kimoja Hakitoshi

Kikombe cha kauri hustahimili moto na mikwaruzo, lakini kikianguka huvunjika papo hapo, kwa kuwa ufa ukishaanza ndani yake hakuna kitu cha kuuzuia. Waliofyatua matofali ya udongo tangu kale walilitambua tatizo kama hili: walichanganya nyasi katika udongo, nazo zikaushikilia usipasuke.

Mwaka 1991 mtaalamu wa Kijapani, Sumio Iijima, alieleza habari za mirija ya kaboni ambayo unene wake hupimwa kwa nanomita, yaani sehemu moja ya bilioni ya mita. Kwa uzito ulio sawa, mirija hiyo ina nguvu kuliko chuma cha pua. Wanasayansi wakaona kwamba nyasi mpya za kuimarisha kauri zimepatikana.

Mwaka 2003 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Davis, walitangaza kwamba alumina iliyotiwa mirija hiyo kiasi cha asilimia 10 ya ujazo wake ilihimili ufa karibu mara 3 kuliko alumina tupu. Walipima kwa kugandamiza ncha ya almasi juu ya kauri, kisha wakapima nyufa zilizochomoza pembeni. Mwaka 2004 watafiti wengine walifuata njia tofauti: walichonga mfuo katika kijiti cha kauri ya namna hiyo, wakakipinda mpaka kikavunjika. Faida ile haikuonekana. Kumbe mirija ilikuwa ikiiwezesha kauri kubonyea chini ya almasi bila kupasuka sana. Ufa uliokwisha kuanza haikuuzuia.

Hili si suala la udanganyifu. Kipimo cha kwanza kilijibu swali ambalo halikuulizwa, na bila kipimo cha pili tungaliamini jibu hilo hata leo.

Katika maabara za shule zetu mwanafunzi hupima mara moja, na jibu lake likipishana na la kitabu, hulifuta akaandika la kitabu. Kwa maoni yangu, mazoea hayo yanaua sayansi tangu ingali changa. Yafaa mwalimu adai kila jambo lipimwe kwa njia mbili, na amsifu mwanafunzi atakayethubutu kuandika kwamba majibu yake hayakuafikiana. Hapo ndipo utafiti unapoanzia.