"Wazazi Mmeshindwa Malezi": Nani Aliwafundisha?

Makamanda, leo tuongee ya nyumbani.

Mdogo wangu aliacha shule kidato cha pili. Bei ya kakao ilipopaa mwaka 2024, akaanza kubeba magunia, akaonja hela. Baadaye kubeti, halafu bodaboda mpakani Kasumulu. Mama alimchapa, akamtukana, mwisho akamfungia mlango. Dogo akaondoka. Mama si mkatili. Ndivyo alivyolelewa, na njia nyingine hakuwahi kuonyeshwa.

Kuanzia Ipinda hadi Matema nyumba za hivi zipo. Kijana akiharibikiwa, kiongozi anapanda jukwaani: "Wazazi mmeshindwa malezi!" Halafu anapanda V8, anaondoka.

Twende kisheria. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, kifungu cha 94, inazipa serikali za mitaa wajibu wa kulinda na kuendeleza ustawi wa mtoto. Ni wajibu, siyo hisani. Programu ya taifa ya malezi iliyozinduliwa 2021 inamgusa mtoto hadi miaka 8. Wa miaka 15 je?

Mafunzo yapo. Eastern Cape, Afrika Kusini, yalipimwa kwa utafiti wa familia 552. Mzazi na kijana wake wanahudhuria vikao 14: kusikilizana, kutuliza hasira, kupanga bajeti ya nyumba. Wanaofundisha ni watu wa kawaida wa jamii. Matokeo yalichapishwa 2018: wazazi waliopitia mafunzo waliripoti vipigo na matusi kupungua. Tanzania yaliingia kwa jina la Furaha Teens, kwa hela za Wamarekani. Hela ya mfadhili ina mwisho wake. Ushuru wa mazao je? Sheria inaruhusu halmashauri kutoza hadi asilimia 3 kwenye kakao yetu kila msimu.

Na sisi tusijifanye wema. Dogo tunamwita akajaze mkutano, ila hatumuulizi kama anaongea na mama yake.

Mkutano mkuu wa kijiji ni wa kila mkazi aliyefikisha miaka 18, hauulizi kadi ya chama. Nenda, nyoosha mkono, uliza: mafunzo ya familia zenye vijana yametengewa shilingi ngapi? Jibu liandikwe kwenye muhtasari. Mkutano ujao uliza tena.

Wiki iliyopita dogo alimtumia mama mbasa wawili kwa konda wa Coaster. Hakupiga simu. Mama akanipigia mimi: "Mwanangu, nikimpigia naanzaje?"

Nasoma sheria mwaka wa tatu. Sikuwa na jibu.